Mwanangu wa miaka minne kasoro anasoma kitabu kikiwa kichwa chini, bibi yake akasema ni jini

Wakuu, heshima kwenu.

Haya yamenikuta mwenyewe, hapa hapa Mtwara. Sijaongeza chumvi, na sehemu ninazoonekana mjinga nimeziacha kama zilivyo.

Nina mabinti wawili. Rukia yuko darasa la pili. Somoe ana miaka minne kasoro, shule bado. Tunakaa Magomeni.

Jumamosi moja Somoe alikuwa anakohoa. Tumekaa mkekani tunatazamana, nasoma karatasi ya dawa nijue ni kijiko kimoja au viwili. Mara namsikia: "Ti-ki-sa ka-bla ya ku-tu-mi-a."

Nikajua kakariri redioni. Watoto wa siku hizi wanakariri mpaka matangazo ya vifo.

Nikampa kitabu cha dada yake. Akakigeuza juu chini. Nikakiweka sawa. Akakigeuza tena, kanuna: "Baba, unakiharibu!"

Halafu akasoma ukurasa mzima hivyo hivyo, kichwa chini.

Wakuu, nikatoa simu mfukoni.

Kosa langu ni kwamba nilimrekodi video, nikaitupia kwenye group la ukoo.

Mama mkwe wangu yuko Mpapura. Hajui kusoma, ila kwenye kile kitabu kuna picha ya mbuzi, na mbuzi anamjua. Simu ikaingia hapo hapo.

"Baba Rukia, mbuzi miguu juu, mtoto anasoma, na wewe unacheka? Huyo anayesoma si Somoe!"

Kesho yake asubuhi yuko mlangoni. Akasema kuna mganga upande wa Kilambo, ameshampigia simu, tunasubiriwa.

Mke wangu akagoma katakata, akataka kutueleza jambo, mama yake hakumpa nafasi. Mimi nikasema twende tu, tumridhishe mama.

Hapa mnitukane kwa ustaarabu. Ukweli ni kwamba nilishaanza kumwogopa mwanangu. Namwangalia anakula ubwabwa kama namchunguza mpangaji mgeni.

Tukafika. Mganga ni mzee nadhifu, kanzu safi. Akakaa mbele ya Somoe, akafungua daftari lake kubwa katikati yao, akafumba macho, akaanza kunong'ona.

Somoe akainama juu ya daftari.

"M-to-to wa M-pa-pu-ra. Ji-ni la ma-ji. Ku-ku we-u-pe wa-wi-li."

Mganga akafumbua jicho moja.

Mama mkwe akauliza, "Umesema nini, mjukuu wangu?"

Somoe kusikia ameulizwa, akafurahi, akashuka mstari wa pili: "Ba-ba m-bi-shi. A-to-ke nje."

Mganga akalifunga daftari. Akasema jini hili lina kiburi, turudi siku nyingine.

Mama mkwe akasimama. "Mtoto hujamshika hata mkono, kuku umeshawaandika?"

Hatukuagana.

Tulipofika nyumbani mke wangu alikuwa anatungoja. Alimwita Rukia, akamwambia afanye homework. Rukia akatandika mkeka, akafungua kitabu. Somoe akaja mbio, akakaa mbele yake, upande wa pili wa kitabu.

"Hapo ndipo anapokaa kila siku," mke wangu akasema. "Tangu dada yake aanze shule."

Kitabu ni kimoja. Yeye herufi amezijua zikiwa kichwa chini. Na mimi kila siku nawapita pale, tena namfukuza: "Mwache dada asome!"

Niliona aibu, wakuu. Nilikuwa tayari mwanangu afukizwe ubani kabla sijajiuliza anakaa wapi.

Sasa tunamkalisha pembeni ya dada yake. Anaweza, ila polepole. Akichoka anakigeuza kitabu, anateleza kama gari kwenye lami.

Nilichojifunza: mtoto akifanya jambo usilolielewa, kaa chini umwangalie kwanza. Video na mganga havikimbii.

Walimu mliomo humu, nishaurini. Nimkazanie asome upande wetu, au ataacha mwenyewe akianza awali?

Nauliza kwa haraka kidogo, kwa sababu mama mkwe bado yupo. Jana nimemkuta mkekani, Somoe anamfundisha irabu, kitabu kichwa chini. Bibi ameshajua kusoma jina lake, anafurahi mpaka machozi.

Sina ujasiri wa kumwambia.