Demon ya Baba Yangu Mbele ya Kanisa

Baba yangu alianza kukwama mu milango. Mu barabara za Butembo anatembea polepole, mikono inatetemeka, mais anatembea. Akifika tu ku kizingiti, miguu inagandama chini. Munganga wa hospitali ya Beni alimupima, akasema ni ugonjwa wa Parkinson, akamupa dawa. Nikafikiri mambo imeisha. Kumbe nilisahau kama tunaishi na watu wa maombi.

Juu baba ni muzee wa kanisa yetu ya Kiprotestanti, njo yeye anagawa Meza ya Bwana. Dimanche moja, siku ya ibada, akakwama pale mulangoni, batu bote banaangalia. Ku soko ukikwama, uko mugonjwa. Ku kanisa ukikwama, Roho anakukataza kuingia, uko na demon! Kamati ya bazee ikakata neno: dimanche inayofuata atubu uchawi wake mbele ya batu, ao bamuvue uzee. Mutu aliyezika wafu wao, akapatanisha ndoa zao! Hasira ilinipanda mpaka chakula kikanishinda.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, na mwalimu ana ugonjwa wake: anafikiri ujinga wote unaisha ku ubao. Nikabeba chaki mpaka ku bureau ya kanisa, nikachorea mwenyekiti wa bazee ubongo. Nikamwambia ndani kabisa kuko mafungu ya seli, ganglia za msingi, zinazoongoza mwendo. Pale wajumbe banapitisha habari: dopamini, na peptidi ndogondogo kama enkefalini na dutu P. Kila mujumbe anagonga ku kipokezi chake, hapana ku cha jirani. Njia moja inasukuma mwili, ingine inauzuia. Dopamini ikipunguka, ile ya kuzuia inapata nguvu.

Alinisikiliza na huruma kubwa.

— Donc, mwalimu, mu kichwa ya muzee kuko sauti mbili. Moja inasema enda, ingine inasema simama.

— Tuseme hivyo.

— Sasa sisi tulisema nini?

Akaniomba nisifute ile dessin, ili batu ba maombi bajue bataweka mikono upande gani. Mungu wangu!

Dimanche ikafika. Baba akavaa koti yake, akafika ku mulango, akakwama. Mama akaanza kulia. Mwenyekiti alishashika mikro. Mais kwaya ya bamama inaingia saa yake, kuwe na hukumu ao kusiwe. Bakapita karibu na baba na ngoma na wimbo, na mara muguu wake wa kushoto ukanyanyuka. Kisha wa kuume. Akaingia katikati yao, akifuata ngoma, mpaka karibu na meza. Kwa mugonjwa kama yeye, mapigo ya ngoma yanaongoza miguu pale dopamini imepunguka.

Batu bakapiga makofi: "Shetani ameshindwa!" Mwenyekiti akanyamazisha ngoma ili baba atubu. Miguu ikagandama tena.

— Munaona? Demon imerudi!

Baba akanyoosha mukono, akaomba mikro. Ugonjwa umemupunguzia sauti, basi kanisa yote ikanyamaza ili imusikie.

— Bandugu, ni demon gani hiyo? Mukiimbia Yesu inatembea. Mwenyekiti akisema, inasimama.

Kicheko kilianzia ku viti vya nyuma. Mama mumoja wa kwaya akapiga ngoma bila kuomba ruhusa, na baba akaenda ku meza, akaanza kumega mukate. Mwenyekiti akapokea kipande chake macho chini. Mimi nilikula changu na furaha mbaya, ile haifai kabisa ku Meza ya Bwana.