Fahali wa Karatasi ya Saruji

Nilijifunza kukunja karatasi kwa kutazama video kwenye simu, mwaka nilioajiriwa kufundisha shule ya msingi huku Navakholo. Karatasi za daftari zilichanika kwenye kona. Za kalenda zilikuwa ngumu, ila ukikunja mara ya pili rangi inabanduka na kuacha mstari mweupe. Za zawadi zilipendeza lakini hazikusimama. Mwishowe nikagundua mfuko wa saruji: ukiuchana na kuupangusa vumbi, karatasi ya ndani ni ya kahawia na imara, haichoki kukunjwa.

Kwa karatasi hiyo nilimtengenezea Baba fahali. Yeye alifuga mafahali wa kupigana, na Jumamosi asubuhi watu walimfuata na ngoma hadi uwanjani. Mimi nilikuwa naogopa hata kushika kamba. Nilikunja kwa wiki tatu, nikaharibu wanne. Wa tano alisimama, kichwa chini, pembe mbele, nundu imetuna mabegani.

Nilimkuta Baba uani akimgawia jirani mbegu za maharagwe. Akampokea yule fahali, akamgeuzageuza.

"Hii inakulanga nini?"

"Hali kitu, Baba. Ni wa kutazama tu."

"Mwanaume mzima."

Jirani hakuwa amebeba mfuko. Baba akaanza kumkunjua fahali, mkunjo baada ya mkunjo, bila haraka, akainyoosha karatasi kwenye paja, akaizungusha na kumimina mbegu ndani.

"Karatasi ni nzuri," akasema.

Jirani hakunitazama. Alishukuru, akaenda nazo.

Mwaka jana Baba alipatwa na kiharusi. Mkono wake wa kulia ukajikunja, ukakataa kufunguka. Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi alishauri apewe karatasi akunje kila siku, labda vidole vitaamka. Mama alinipigia simu akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwake kwa miezi mingi.

"Si hiyo ndiyo kazi yako? Njoo umfundishe baba yako."

"Nina mitihani ya kusahihisha, Mama."

"Hata nusu saa?"

"Nitaona."

Sikwenda. Nilikaa nyumbani kwangu nikikunja korongo wadogo wa karatasi za peremende, nikiwapanga dirishani. Mama alijaribu peke yake kwa magazeti, na hakujua hata pa kuanzia. Baada ya wiki mbili wakaacha.

Nilipofika hatimaye, ngumi ya Baba ilikuwa imelala pajani, kucha zimezama kiganjani. Mama alikuwa akimmegea obusuma, ugali wa kwetu, na kumlisha. Baba alitafuna, akameza, akaniuliza polepole kwa mdomo uliopinda:

"Umemaliza mitihani?"

"Nimemaliza."

Ilikuwa Agosti. Shule zilikuwa zimefungwa siku nyingi, na Baba, aliyesomesha watoto sita, alijua shule hufungwa lini.