Barua Yenye Heshima Nyingi

Juzi kwenye basi la jiji la Edmonton, huku ughaibuni, nilikaa nyuma ya mama mmoja Mkongomani. Alikuwa akifungua na kufunga zipu ya mkoba wake bila kupumzika. Pembeni yake, binti Mkenya, mwanafunzi wa historia, alisoma nakala za karatasi kuukuu.

"Unasoma nini, binti yangu?"

"Barua za mabalozi wa Japani, Mama. Zina zaidi ya miaka mia moja. Wanaziandikia serikali za Urusi na Marekani kuhusu vita, na kuhusu vibarua wao wanaotaka kuhamia Amerika."

"Wanatukanana?"

"Hata! Ni heshima na taadhima mwanzo mpaka mwisho. Halafu siku chache baadaye, vita na Urusi. Ama wanakubaliana na Marekani kwa upole kwamba vibarua wasipewe pasipoti."

Zipu ikatulia. Mama akatoa barua kutoka idara ya uhamiaji aliyoihifadhi ndani ya plastiki.

"Nisomee hii. Usinitafsirie. Niambie tu kama wana heshima."

Binti akapitisha kidole mstari kwa mstari, taratibu, kisha akakisimamisha.

"Wanakushukuru, Mama. Mara mbili."

Mama akabonyeza kengele, na kituo chake bado kilikuwa mbali.

"Ninashuka hapa. Ninatafuta wakili."

Msomaji wangu, afisa anayekufokea dirishani, bado unajadiliana naye. Anayekushukuru ameshamaliza. Nami ninayo barua yao nyumbani, juu ya friji, wiki ya pili sasa. Inaanza kwa kuniita mpendwa. Sijathubutu kufika aya ya pili.