Zima Gari, Watu Wananisalimia

Wapumbavu nimewaona wengi, lakini mpumbavu mwenye lori ana sauti kubwa kuliko wote. Huyo wangu alikuwa mfanyabiashara wa maharage pale Kibondo, miaka ile ya tisini wakimbizi walipojaa na kila mwenye magunia mawili akajiita tajiri. Alinunua lori kuukuu la dizeli, akanipa mimi usukani. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini gari nililijua, na mkwe wangu alinipa binti yake kwa sababu ya huo usukani. Wala hakunificha. Alisema, "Siku ukishuka kwenye gari, utanieleza unamlisha nini mwanangu." Basi ndivyo nilivyooa, kwa dhamana ya chuma cha mtu mwingine.

Lori lenyewe lilikuwa na tabia moja. Asubuhi, likiwa baridi, ukiligusa tu linawaka. Likishachemka, lizime uone. Unapiga stata, injini inazunguka vizuri kabisa, lakini haishiki. Unakaa hapo mpaka lipoe, na kupoa kwake ni kama kungoja maharage ya mwaka juzi yaive. Kwa hiyo dawa ilikuwa kutolizima njiani. Hata mbuzi angeelewa. Tajiri hakuelewa.

Sababu ni salamu. Sisi Waha hatupungiani mkono tukapita. Unasimama, unainama, unapiga makofi taratibu, unasema "Mwakeye", ndiyo salamu yetu, unaulizwa nyumbani, watoto, ng'ombe, mahindi, na ukimaliza kujibu unaanza kuuliza wewe. Ni desturi nzuri, sina neno nayo. Marehemu baba alikuwa akisalimia mpaka uji unapoa na hakuna aliyekufa. Lakini huyu mtu, kabla ya lori hata mbwa walikuwa hawamgeukii. Sasa kila kijiji alikuta wa kumpigia makofi, na hakutaka injini impunguzie utamu.

"Zima gari, watu wananisalimia."

"Bosi, tukilizima haliwaki."

"Unataka wazee washindane kelele na lori? Zima."

Nazima. Makofi yanapigwa, yeye anavimba kama chura wa masika, anapanda, napiga stata, halishiki. Halafu ananitazama mimi.

Tulilipeleka Kasulu kwa fundi mmoja aliyejiita daktari wa magari. Alisikiliza injini akiwa amefumba macho, kama mganga anayesikiliza mizimu. Akabadilisha betri. Akabadilisha stata. Tukapata injini inayozunguka kwa nguvu zaidi bila kuwaka. Bosi akaamua kwamba ugonjwa ni mimi.

"Likigoma tena mbele ya watu, unashuka. Mpwa wangu ana leseni."

Leseni alikuwa nayo kweli, na miwani ya jua. Udereva wenyewe sikuwahi kuuona.

Likaja kugoma njia panda ya Nyarugusu, mbele ya wakwe zake bosi, baada ya yeye mwenyewe kuniamuru nizime. Nikafungua boneti lipate upepo. Bosi akasema neno moja tu, "Shuka," na mpwa akateremka kutoka juu ya magunia, akakaa mahali pangu. Wingu lilikuwa limeshakaa tayari. Mvua ikapiga, ikaingia kwenye injini yote, na pampu ya dizeli ikafuka mvuke kama chungu. Mpwa akagusa ufunguo. Likawaka.

"Mmeona?" bosi akawaambia wakwe. "Gari linajua mkono wa mtu."

Wakaniacha nimeloa. Njia nzima niliufikiria ule mvuke. Nikaenda kumweleza bosi kwamba ni maji yaliyoliwasha, akaniambia mvua ni ya Mungu, si ya dereva. Mkwe wangu naye hakuchelewa kufika.

"Nimesikia umeshuka."

"Nimeshushwa."

"Miguu iliyogusa chini ni ileile. Mahindi yakiisha ghalani na wewe hujarudi kwenye gari, mwanangu anarudi kwangu."

Kiangazi kikaingia. Asubuhi moja natoka kuchota maji na baiskeli, dumu liko nyuma, nawakuta barabarani. Lori limechemka, limezimwa kwa salamu, limegoma; boneti wazi, mpwa amevua miwani. Wanakijiji wamekuja kutazama.

"Kijana," bosi akaniita, "njoo usukume."

Nikaegesha baiskeli. Nikainama, nikapiga makofi. Mwakeye. Nikamuuliza nyumbani. Nikamuuliza mke mkubwa, mke mdogo, watoto wa huyu na wa yule, ng'ombe, mvua ya upande wao. Jua linapanda. Hakuweza kunikatisha, maana kwetu anayekata salamu mbele ya watu ni sawa na aliyevua suruali. Nilipofika kwa shangazi yake wa Kabanga, sauti ya bosi ilikuwa imebaki nyembamba.

"Shangazi hajambo. Sukuma basi."

"Na mume wa shangazi?"

Nilipotosheka nikavua shati, nikalilowesha, nikaifunga nalo ile pampu, nikawa naongeza maji kidogo kidogo. Sikuwa na hakika, nisidanganye. Kama lisingewaka ningebaki kifua wazi, na mke ndiyo kwaheri. Nikamwambia mpwa apige stata. Likawaka.

Bosi akampungia mpwa ashuke. "Panda," akasema.

"Nitapanda. Lakini salamu utateremka upokee mwenyewe huku lori linanguruma, silizimi."

"Panda, nimesema. Kabla hujakumbuka shangazi mwingine."

Baadaye sana fundi wa Kigoma alinieleza kwamba pampu ile ilikuwa imelika ndani. Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, inapenya pembeni, haifiki kwa nguvu inakotakiwa. Ipoze, inashika. Ila dawa hasa ni kuifungua na kuitengeneza. Nikampelekea bosi habari hiyo. Akasema maji yanatosha, tukaendelea kubeba dumu na matambara kama wauguzi. Na kila kituo akawa anawasimulia watu jinsi alivyogundua yeye mwenyewe dawa ya maji. Aliyekuwa akimpigia makofi kuliko wote ni mkwe wangu.