Fomu Mbili za Mama Furaha

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kuandika hata neno. Patron, ndivyo tulivyomwita bosi, mwenye sekretaria ndogo ya kuwachapia watu barua na fomu mjini Gisenyi, alinipa kitambaa na spiriti nisafishe herufi za mashine ya chapa, moja moja, mpaka tundu la "e" lionekane. Alisema huko ubalozini herufi iliyoziba wino ni kama mtu aliyekuja bila kunawa uso. Nilikuwa nimerudi na wazazi wangu kutoka Tanzania, nina Kiswahili cha shule na Kifaransa cha kuungaunga, na kazi niliitaka sana.

Nyinyi mnaojaza maombi ya viza kwenye simu hamkuijua kaboni, ile karatasi nyeusi tuliyoiweka kati ya nakala. Ukikosea ya juu, umekosea zote. Mteja alileta pasi, picha mbili zenye masikio wazi, barua ya mwaliko, na hati tuliyoiita "prise en charge", ambayo kwayo mwenyeji wake anaahidi mbele ya serikali ya kule kwamba atamlaza na kumlisha. Lakini kilichotafutwa zaidi hakikuwa na mstari wake kwenye fomu: hakikisho kwamba mtu huyu atarudi.

Mwaka wa pili Patron alinihamishia meza ya safari. Hapo ndipo alipokuja Mama Furaha, mjane, fundi cherehani wa mtaa wa Nengo. Binti yake Furaha alikuwa Bulaya, yaani Ulaya, na mimba ya kwanza, na daktari alikuwa amemkataza kuinuka kitandani mpaka ajifungue. Mama alitaka kwenda kumwuguza, basi.

Patron alizipitia karatasi zake, akaniita pembeni.

"Iko mujane, hana nyumba yake. Watasema hatarudi. Andika commerçante, iko na duka ya vitenge. Bon, ni kitu kidogo tu."

Niliandika. Mama Furaha hakujua Kifaransa, nami sikumsomea. Nilimwonyesha tu pa kutia sahihi.

Miaka ile ya mwisho ya tisini, barabara ya Kigali haikuaminika kwa sababu ya waasi. Magari yalisubiriana, yakaenda kwa msafara, askari mbele na nyuma. Mama Furaha alienda hivyo hadi ubalozini, akarudi siku ya tatu akiwa amenyimwa viza. Alikaa kwenye kiti cha wateja bila kuvua kitambaa chake cha kichwani.

"Ule muzungu aliniuliza jina ya duka yangu," alisema. "Nikamwambia mi siko na duka. Akaniangalia sana. Binti yangu, ni nani aliandika ile duka?"

Nilimjibu kwamba ni mimi. Hakunigombeza. Alianza kukunja karatasi zake polepole, na mimi nikatamani anigombeze.

Nilimwomba asiondoke. Niliifunika mashine, nikamwuliza ni nini kitakachomngoja hapa akiondoka. Mwanzoni alisema hakuna kitu. Kisha akataja cherehani mbili na wasichana watatu anaowafundisha. Akataja sare za shule moja ya Kanama, ambazo lazima ziwe tayari muhula ukifunguliwa. Mwisho akamtaja mama yake mzazi, kipofu, ambaye hakubali kuogeshwa na mtu mwingine. Yote hayo sikuwa nimemwuliza mara ya kwanza.

Nilijaza fomu mpya: mshonaji, mjane, nyumba ya kupanga. Nikaongeza barua ya ukurasa mmoja, na mwalimu mkuu wa ile shule akaithibitisha kwa sahihi yake. Chini nikaeleza kwamba uongo wa fomu ya kwanza uliandikwa na mpiga chapa bila mwombaji kujua, nikaweka jina langu kamili.

Patron aliisoma amesimama.

"Ukitia jina yako pale, jina ya ofisi yangu nayo inaingia," alisema.

Nilimwambia najua, na kwamba akitaka kunifukuza, anifukuze barua ikishaondoka. Alifungua droo, akatoa muhuri wa ofisi, akaupiga kando ya sahihi yangu. Halafu akaenda kula chakula cha mchana.

Safari hii niliomba ruhusa nikaenda Kigali na Mama Furaha. Nilimsubiri kwenye benchi la nje ya ubalozi, na alipotoka na pasi, nilimsomea viza neno kwa neno pale pale kando ya barabara: siku thelathini, kuingia mara moja. Alinifanya nirudie.

Furaha alijifungua salama, mtoto wa kike. Mama yake alirudi kabla siku hazijaisha, akapitia kwetu kabla ya kufika Nengo. Alimsalimia Patron kwanza, kwa mikono miwili.

Baadaye nilifanya kazi kwenye wakala wa safari Kigali, kisha nikarudi hapa Gisenyi, kwenye ofisi ya wilaya ya Rubavu, hadi nilipostaafu. Wakubwa wangu wote walilalamika kwamba meza yangu ina foleni ndefu. Ilikuwa kweli. Kila fomu niliisoma kwa sauti, kwa lugha ya mwenyewe, kabla sijampa kalamu, na wengi walinisimamisha katikati wakasema, hapana, hapo sivyo.