Jicho la Jumatatu

Jumatano saa tatu asubuhi, jua limeshaanza kuchoma, Klementi Likwata anabisha hodi kwa Bi Kidawa. Ametembea saa moja na nusu kutoka zahanati yake, karibu na Mchinga. Hakutuma salamu kwamba anakuja, na amefanya hivyo makusudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona leo? Jumatatu bado!"

"Ndiyo maana nimekuja."

Bi Kidawa anacheka kidogo, anauweka kando ukili wa mkeka aliokuwa akisuka, analala chali mkekani. Klementi ananawa mikono, anasafisha kipimo chake, chuma kidogo chenye mguu na mshale, kisha anamtilia mama jichoni dawa ya ganzi. Anakisimamisha juu ya jicho la kushoto, taratibu, kama mtu anayeweka yai mezani.

"Usikaze jicho, mama. Usizuie pumzi."

Jicho la kulia haligusi. Hilo limekwisha.

Klementi, Mmwera wa miaka arobaini na moja, ni dresa: hufunga vidonda, hudunga sindano, hugawa dawa. Mwaka 1955, miaka miwili iliyopita, daktari wa Lindi alimfundisha kupima ugonjwa mmoja mbaya. Maji ya ndani ya jicho hujaa kupita kiasi, yakaubana mshipa wa kuonea mpaka ukafa. Mara nyingi hauumi. Mtu hupotewa na pembeni kwanza, akajikwaa, akagonga milango, akadhani ni uzee. Kilichopotea hakirudi, matone ya dawa hulinda kilichobaki tu. Mshale ukitulia, dresa husoma kwenye jedwali namba ya msukumo wa maji hayo; ikizidi ishirini na moja, anaanza kuwa na wasiwasi.

Wagonjwa wake kumi na wanne huja Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi. Na namba zao, jamani, zilikuwa tamu.

"Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa! Nilivimba kichwa," anasema Klementi. "Daktari akaniandikia barua ya kunisifu. Nikaibandika ukutani."

Lakini Bi Kidawa alikuwa anagonga milango. Mwezi wa nne alimwambia dresa kwamba upande wa kulia haoni kitu. Dresa akatazama daftari, akamjibu kwamba namba ni nzuri, huo ni uchovu wa kusuka.

"Nilimbishia mtu habari za jicho lake mwenyewe," anasema.

Mwezi wa saba, siku ya Jumatano, alifika kijijini kufunga kidonda cha jirani, kipimo kikiwa mkobani. Akaona ampime na Bi Kidawa kwa kupitia tu. Akapata thelathini na nane. Juzi yake, Jumatatu, jicho hilo hilo la kushoto lilikuwa kumi na tisa.

"Kwanza nilimlaumu yeye. Nikasema, mama, umezuia pumzi. Nikarudia, thelathini na saba. Basi nikalaumu kipimo."

Alikiweka juu ya kichuma chake cha majaribio. Mshale ukasimama kwenye sifuri, barabara. Akampima yule jirani: kumi na sita. Kipimo kilikuwa kizima.

Ndipo akaomba aone dawa. Bi Kidawa akaingia ndani, akatoka na kikapu. Ndani yake mlikuwa na chupa nne zilizofungwa vizuri kwa kitambaa cheupe. Tatu hazijafunguliwa kabisa.

"Dawa ile inanigonga kichwa, na macho yanaingia giza, siwezi kusuka," alimweleza. "Lakini siku ya kuja kwako, mwanangu, naoga, navaa kanga safi, natia dawa alfajiri. Mtu atakwendaje kwa tabibu na jicho chafu?"

Matone yale hushusha msukumo wa jicho kwa nusu siku tu. Klementi akaenda nyumba kwa nyumba kuuliza. Kati ya kumi na wanne, kumi na mmoja walikuwa wakifanya vivyo hivyo. Walimwandalia macho yao kama watu wanaomfagilia mgeni uwanja.

"Walikuwa wananiheshimu, masikini," anasema. "Na mimi miaka miwili sikuwahi kuwauliza: jana ulitia?"

Barua ya sifa ameibandua. Amemwandikia daktari wa Lindi kila kitu, pamoja na kosa lake. Jibu halijafika. Ameomba baiskeli, ili apime watu majumbani, asubuhi na jioni, siku wasizomtarajia. Mpaka ipatikane, atatembea.

"La kulia nimelipoteza mimi," anasema. "La kushoto nataka abaki nalo mpaka mwisho wa siku zake. Sina ombi jingine."

Mshale umetulia. Klementi anatazama jedwali: ishirini na mbili. Anarudia. Ishirini na mbili. Anaomba chupa, anainyanyua kwenye mwanga. Imeshuka chini ya nusu.

"Nzuri?" anauliza Bi Kidawa.

Zamani angejibu mara moja. Leo anafunga mkoba wake kwanza.

"Sijui, mama. Nitakuja tena."

"Lini?"

"Sikwambii."

Bi Kidawa anacheka, anaketi, anauvuta ukili wake. Anapapasa mkeka mbele yake, anapapasa kushoto.

"Hebu nitazamie, mwanangu. Zile chane nyekundu za kusukia nimeziweka wapi?"

Klementi anachuchumaa, anaziokota, anampa mkononi. Zilikuwa pale pale, kando ya goti lake la kulia.