Gari la Bwana Kesho

Simu ilikuwa juu ya bakuli lililofunikwa, kwenye ukingo wa dirisha la jikoni, maana ndani ya nyumba ile hapo tu ndipo mtandao uliposhika. Mama alikaa kwenye kigoda kando yake, shali mabegani, chai imepoa mbele yake mpaka imefanya utando. Hakusinzia. Kila mbwa wa jirani alipobweka alinyoosha mkono kwenye simu, kisha akaurudisha mapajani, akajisonya mwenyewe.

Kaka yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Mjomba, alikuwa amepiga jana mchana.

"Dada, sasa tunaingia porini, huko simu hakuna. Usianze kutulilia mapema. Tukitokea upande wa pili nitakupigia hata kabla sijanywa maji."

Kuanzia hapo, kimya. Jua likazama, taa za majirani zikazimwa moja baada ya nyingine, na bakuli likabaki limebeba simu isiyosema kitu.

Ndani ya gari walikuwa wawili tu. Mjomba alikuwa utingo mstaafu, mtu wa maneno, anayeweza kupiga soga na jiwe mpaka jiwe lichoke. Mwenzake alikuwa mume wa Mama, fundi magari, ambaye kumtoa neno mdomoni kulikuwa kama kutoa boliti iliyoshika kutu. Walikuwa wakienda kwa kifungua mimba wa fundi huyo, mipaka miwili mbele, mtoto ambaye hakuwa amezungumza na baba yake kwa miaka kumi na minne. Mama alipompigia kumwambia kwamba baba yake ameshaondoka na yuko njiani, mwanawe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Aje tu, mama," alisema mwishowe. "Barabara si yangu. Lakini mlango ni wangu, na siwezi kukuahidi kwamba nitaufungua."

Hilo ndilo lililomfanya akeshe. Majambazi aliwawaza, mto uliofurika aliuwaza, gari kupinduka aliliwaza mara mbili tatu, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa, akili yake haijui kupumzika. Lakini kila alipomaliza kuyapitia hayo alijikuta amesimama mbele ya mlango asiowahi kuuona, umefungwa, na mumewe yuko nje, kofia mkononi.

Gari lenyewe lilifika kwao, kijana akingali nyumbani, likiburutwa kwa mnyororo. Lilikuwa gari la porini la zamani, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, refu, lenye pua ya mraba, na sakafu yake ilikuwa imeoza kiasi kwamba kuku alipita juu yake akatumbukia chini. Fundi alilizunguka akicheka peke yake. Tangu ujana alikuwa akiwasikiliza madereva wa masafa wakisimulia milima na jangwa, na alitaka siku moja aende akaone, yeye na mwanawe, wakipokezana usukani.

Wakaanza kazi. Walilivua mpaka likabaki mifupa. Walikwangua kutu, wakachomelea chesisi pale ilipopasuka, wakasuka upya springi za nyuma ili zibebe mapipa ya maji na mafuta. Kila boliti iliyotoka iliingia kwenye kopo lake la maziwa, na kila kopo liliandikwa kwa chaki mahali boliti ilipotoka. Mama alikosa kopo hata la kuwekea chumvi. Usiku baba na mwana walikula wakinuka dizeli, wakibishana kuhusu difu na giaboksi, na yeye akawatazama akijifanya amechukizwa.

Ilipofika zamu ya injini, fundi alimwambia kijana, "Hii yako. Mimi siigusi."

Na kweli hakuigusa. Kijana aliifanyia kazi peke yake chini ya kibanda cha mabati. Alipima pistoni, akabadilisha ringi, akakata gasketi kwa mkono, na silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, akaikaza kuanzia katikati kwenda nje, polepole, ulimi ukichungulia kwenye kona ya mdomo kama alipokuwa mdogo akijifunza kuandika. Alipoifunga boliti ya mwisho alikuja jikoni akamnyanyua mama yake juu.

"Nishushe, utanivunja kiuno!"

"Imekwisha, mama. Imekwisha!"

Siku iliyofuata fundi aliwaita mafundi wenzake wawili wa zamani, na majirani nao wakasogea kama ilivyo kawaida yao palipo na jambo la kutazama. Alitandika turubai uani. Bila kusema neno alichukua spana, akaifungua ile injini, kipande baada ya kipande, akakipanga kila kimoja juu ya turubai mbele ya macho ya watu wote.

Sasa, gereji aliyofundishwa fundi ilikuwa na desturi yake. Mwanafunzi akifunga injini yake ya kwanza, bwana wake humtazama kwa jicho la kazi. Kama kazi ni mbovu, anairudisha kimyakimya, hakuna anayejua. Kama ni nzuri, na ikiwa nzuri tu, anaifungua hadharani, kila mtu aone hakuna cha kuficha, kisha anaifunga upya vilevile na kumshika kijana mkono kabla hawajanawa mafuta. Hakuna hotuba. Kuanzia hapo kijana ni fundi, na hakuna tena atakayemtuma kununua sigara. Fundi alifunguliwa injini yake hivyohivyo, na alimsimulia Mama walipokuwa wachumba, macho yakimng'aa. Lakini mwanawe hakupita gereji ile. Alijifunzia nyumbani, uani, na desturi ile hakuna aliyemwambia.

Alichokiona yeye ni baba asiyemwamini, anayemfumua mbele za watu.

Kijana hakungoja mwisho. Alikitupa kitambaa cha mafuta chini, akaingia ndani. Mama alimkuta kwenye ndoo ya maji, amejipaka sabuni mpaka kwenye viwiko, anasugua mikono iliyokwisha kutakata.

"Mama, hivi baba ananiona mjinga kiasi hiki?"

Chai ya wageni ilikuwa ikifurika juu ya jiko. Alikuwa na sinia mkono mmoja na kitambaa mkono wa pili. Naye akajibu kama mama yeyote mwenye haraka anavyojibu:

"Baba yako ndivyo alivyo, mwanangu. Mzoee."

Akatoka na sinia. Miaka kumi na minne ameyatafuna maneno hayo, na hayajalainika. Alijua ile desturi. Kuieleza kungemchukua muda mfupi kuliko kufuta jiko. Lakini aliona si mahali pake, akasema moyoni mumewe ataingia amwambie mwenyewe. Na mumewe, kule nje, aliifunga injini mpaka giza, bila kunawa mikono, akimngoja kijana atoke. Na kijana ndani alikuwa akimngoja baba aingie. Mama alipita katikati yao na vikombe.

Kulipokucha kitanda cha kijana kilikuwa kitupu. Alikuwa ameomba lifti kwenye lori la mizigo.

Baadaye, alipokwisha kupata kazi ya kufunga nyaya za umeme huko alikokwenda na hasira zimepungua kidogo, Mama alimweleza kwenye simu. Alimweleza yote, turubai, gereji, na mkono wenye mafuta. Mwanawe alicheka kicheko kikavu.

"Mama, hiyo umeitunga umwokoe mumeo. Kama ni kweli, ana mdomo. Aniambie yeye."

Akampelekea mumewe maneno hayo. Fundi alikuwa chini ya gari, kama siku zote.

"Nitakwenda," alisema. "Nitakwenda na gari hilihili. Injini ile ile, sijaigusa. Akiisikia imevuka mipaka miwili atajua."

"Injini haina mdomo, Baba Nanii. Panda basi, kesho uko kwake."

"Basi litanifikisha. Halafu nitashuka nimeshika nini?"

Basi likaachwa. Mwaka huo alibadilisha ekseli ya mbele. Uliofuata akatengeneza keria ya juu, akaing'oa, akatengeneza nyingine. Watu wakiuliza safari lini, jibu lilikuwa moja, kesho, mpaka mtaa mzima ukambandika jina Bwana Kesho.

"Shoga," jirani mshona nguo alimwambia Mama kupitia uzio, "siku gari lile litakapotoka getini, mimi nitavaa gauni la harusi nilisindikize kwa vigelegele."

"Litoke tu," Mama alijibu. "Gauni nitakushonea mimi, na kushona sijui."

Walicheka. Lakini Mama, mtu wa kuchunguza, alikuwa ameona kitu. Giaboksi ilishushwa mara mbili bila ubovu wowote. Breki zilibadilishwa zikiwa mpya. Alasiri moja aliona miguu ya mumewe imetokeza chini ya gari na hakuna chuma kinacholia. Akainama. Mzee alikuwa amelala chali, mikono kifuani, anatazama juu.

"Unafanya nini?"

"Naangalia."

"Unaangalia nini?"

Alipangusa vumbi kwenye ekseli kwa kidole gumba.

"Na asiponifungulia?"

Mama akasukuma kikombe cha chai chini ya gari, akaenda zake. Hapo pia angeweza kusema jambo. Angeweza hata kujilaza pale chini, kando yake.

Aliyelitoa gari getini ni Mjomba. Alikuja kusalimu, akalikagua, akatupa begi lake kwenye kiti cha mbele.

"Shemeji, mimi nalala humu mpaka liondoke. Na ninakoroma. Dada yangu ni shahidi."

Usiku wa tatu wa mkoromo ule, fundi alikubali.

Kulipopambazuka, baada ya usiku ule wa kukesha jikoni, simu iliruka juu ya bakuli ikaanguka kwenye sinki. Mama aliidaka ikiwa imelowa.

"Kaka? Kaka! Mko hai?"

"Tungekuwa wafu ningekupigia na nini? Springi ya nyuma ilikatika, tumeifunga kwa gogo na kamba, tumetambaa usiku kucha kama kobe mjamzito. Lakini injini, dada! Haijakohoa hata mara moja. Shemeji anaisikiliza kama redio."

"Mpe simu."

Akasikia pumzi ya mumewe.

"Umekula?" Mama aliuliza. Alikuwa na mengine, likatangulia hilo.

"Nimekula."

"Ukifika useme, Baba Nanii. Kwa mdomo wako. Usimwonyeshe gari. Useme."

"Sawa," alisema, kwa sauti ya mtu anayesema sawa ili aachwe.

Mchana ulikuwa mrefu. Alifua nguo safi. Alifagia ua, na alipofika pale lilipokuwa likikaa gari, kwenye doa jeusi la mafuta, akalikwepa. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama Mjomba alipopiga tena, safari hii kwa kunong'ona.

"Tumefika. Sikukatii simu, ila usipige kelele. Viatu vya mtoto viko kibarazani. Shemeji anagonga."

Mama alifunga mlango wa jikoni, akaibana simu sikioni kwa mikono miwili. Alisikia kugonga, kulikokuwa kwa upole mno, kama mtu anayeomba msamaha wa kugonga. Kisha sauti ya mwanawe, kwa mbali, nyuma ya mbao.

"Nani?"

"Mimi."

"Shemeji, hata mzoa taka hujibu mimi," Mjomba alinong'ona.

"Baba yako," fundi alisema.

Mama alihesabu pumzi zake akapoteza hesabu.

"Una shida gani?"

"Gari limefika."

"Nimelisikia."

"Injini sijaifungua tena. Tangu siku ile."

"Tangu siku uliyonivua nguo mbele za watu."

Sema, Mama aliomba. Angeweza kumwambia kaka yake aisogeze simu mlangoni, aseme yeye, kwa ufupi na vizuri, maana alikuwa ameyapanga maneno hayo miaka na miaka akichambua mchele. Lakini mwanawe alishayakataa kutoka kinywani mwake. Akauma ukingo wa shali.

"Nilikaa pale mpaka giza," fundi alisema. Sauti yake ilikwaruza. "Nilikungoja utoke."

"Na mimi nilikungoja uingie."

"Ilikuwa haina kosa. Nilitafuta, sikuona hata moja. Kazi mbovu haifunguliwi mbele za watu, mwanangu, ndivyo tulivyofanya sisi. Nilitaka waione. Nilidhani unajua." Akavuta pumzi. "Hukujua. Ningeingia ndani nikakwambia. Zilikuwa hatua chache tu."

Mtu alipita na baiskeli huko, kengele ikalia, ikaondoka zake. Mama alifumba macho. Halafu akasikia komeo likivutwa, likakwama, likavutwa tena.

"Dada," Mjomba alisema, na kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa alikosa mzaha. "Amefungua."

"Wanafanya nini?"

"Wamesimama. Mmoja ndani, mmoja nje. Wanatazamana tu." Akasogea karibu. "Dada, mtoto ana mvi. Huku pembeni kote. Hatukuwahi kumwona nazo."

"Amwambie baba yake aingie," Mama alisema.

"Mlango uko wazi, dada. Uko wazi kabisa."

"Nimesikia," alisema, lakini hakuwa akiuwaza mlango tena. Alikuwa akijaribu kuziona mvi zile kwenye kichwa alichokijua kikiwa cheusi, kimeinama juu ya ndoo ya maji, na hakuweza.